Nilimpa Mfanyakazi Wangu Jina la Maiti

Jumanne ya pili ya mwezi wa nane, mwaka jana, nilimpoteza mwanangu Mwenda kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikufa. Mara ya pili alipandishwa gari la polisi akiwa na magongo mawili, akapelekwa mpakani, akarudishwa kwao Burundi.

Najua unachofikiri. Huyu mama amechanganyikiwa. La! Ningekuwa nimechanganyikiwa ningekuwa na kisingizio, na leo sina hata kimoja. Kosa ni langu. Nililifanya nikiwa na akili timamu, nimeshakunywa chai.

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaeleza jinsi mambo yalivyofuatana, na pale nitakapoonekana mbaya usinitetee.

Mimi ni mjane. Naishi juu kidogo ya Laare, kwenye miti ya miraa niliyoachiwa na mume wangu. Watu wa mbali hudhani miraa ni pesa inayoota yenyewe. Hapana! Miraa ni mti unaotaka mtu wa kuupanda hadi matawini asubuhi na mapema, achume vichipukizi kimoja baada ya kingine, vifungwe vibunda kwa kamba ya mgomba, vifunikwe kwa majani ya mgomba vingali na umande, vifike sokoni kabla wanunuzi hawajaondoka. Ukichelewa kidogo umebeba kuni.

Na kwetu mwanamke hapandi mti wa miraa. Wazee wanasema akiupanda utakauka. Mume wangu aliupanda miaka ishirini kwa miguu ambayo hata mbuzi walikuwa wanaikwepa, na haukukauka, lakini eti yangu ndiyo itaukausha! Basi, ukiwa mwanamke unaweza kuirithi miti, kuipalilia, kuilinda, kuiota usingizini. Kuipanda, hapana. Unahitaji mwanamume.

Mwanamume wangu alikuwa Mwenda, mtoto wangu wa pekee. Alikuwa anachuma, anabeba mzigo kwa pikipiki, anarudi na mkate. Siku moja barabara ya Maua ilimchukua pamoja na pikipiki na mkate.

Tulimzika chini ya mti wa mwisho, karibu na ua. Naibu chifu alihutubia saa nzima juu ya usalama barabarani, halafu akaondoka kwa pikipiki akiwa wa nne. Sikulia mbele ya watu. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Walisema nina moyo mgumu, nikawaacha waseme, chakula chao kilikuwa kimeshaiva.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo uongo wa kwanza ulipozaliwa. Mtu akifa, kitambulisho chake kinarudishwa. Nilipoulizwa, nilisema kilipotea kwenye ajali. Hakikupotea. Kilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Nilikificha kwa sababu ya picha. Mwenda katika picha zote alikuwa ananuna au anatoa ulimi, isipokuwa kwenye kitambulisho, ambako ameangalia mbele sawasawa, masikio yake makubwa yametoka nje kana kwamba yanasikiliza mambo ya jirani. Ndiyo picha pekee ambamo ananiangalia. Ningeirudishaje serikalini?

Mwaka uliofuata niliajiri vijana wa hapa. Wa kwanza alikuwa akichuma kibunda kimoja, anatafuna kimoja. Wa pili alikuja siku alizotaka yeye. Wa tatu alinifundisha kwamba mjane mwenye shamba ni mjane mwenye wachumba, nikamfukuza kwa mwiko wa ugali.

Ndipo akaja Fideli.

Fideli Ndayisenga, Mrundi, miaka thelathini na kitu, alikuwa akiuza karanga sokoni Laare kwa kikapu. Kila siku ananiuliza, "Mama, hakuna kazi ya shamba?" Mimi namwambia hakuna. Siku moja mzigo wangu ulichelewa, wanunuzi wakaondoka, nikabaki nimeketi juu ya magunia yangu kama mtu aliyeachwa kanisani. Akaja, akaketi kando yangu, akanipa karanga kwenye karatasi.

"Mama, hii miti yako ni mirefu?"

"Inatosha kuua mtu."

"Mimi kwetu napanda michikichi. Hii yenu ni migomba tu."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mazishi. Kesho yake alikuwa juu ya mti.

Na alichuma, jamani! Alichuma kama mtu anayenyonyoa kuku wa mkwe, kwa heshima na kwa haraka. Mzigo wetu ulikuwa unafika sokoni kabla ya mizigo ya watu wenye wana saba. Nilimlipa kila Jumamosi, sikuwahi kumkalia senti. Nasema hivyo usije ukadhani kosa langu ni la mshahara. Lingekuwa la mshahara ningelilipa yakaisha.

Alikuwa na pasipoti. Aliingia vizuri, akagongewa muhuri, lakini muda wa muhuri ukaisha. Mwezi wake wa kwanza tu kazini aliniambia, "Mama, twende Meru mjini tukaulize habari za kibali cha kazi. Kuna kijana wa kwetu anasoma chuo kikuu kule Nchiru, ameniandikia yote yanayotakiwa." Akanionyesha karatasi. Picha, nakala za pasipoti, na barua ya mwajiri. "Mwajiri ni wewe. Bila barua yako mimi siwezi hata kubisha mlango."

"Kesho," nikasema.

Ilipofika kesho nikasema wiki ijayo. Wiki hiyo nilivaa hadi viatu vya kanisani, nikafika Laare, mvua ikanyunyiza kidogo, nikarudi nyumbani. Mvua! Mimi niliyezaliwa Nyambene, kwenye ukungu na mvua mwaka mzima!

Kisha jirani yangu Karimi akaja mbio na habari kwamba polisi wanakagua wageni njiani. Karimi ni rafiki yangu wa tangu utotoni, na habari kwake ni kama maziwa, hawezi kuziacha zilale. Nilipanda kwenye kiti, nikashusha kopo, nikampa Fideli kitambulisho.

"Leo wewe ni Mwenda."

Akakiangalia muda mrefu. "Mama, huyu si yule aliye pale uani?"

"Ndiye. Hatakuwa na haja nacho leo."

Nikachukua pasipoti yake, nikaiweka ndani ya kopo. Nilitoa karatasi ya maiti nikaweka ya mzima, nikafunga kifuniko, nikalirudisha kopo juu ya kabati.

Walitusimamisha kabla ya soko. Polisi akaiangalia picha, akamwangalia Fideli, akarudi kwenye picha. Masikio ya Fideli ni madogo, yamelala kichwani kana kwamba yamepigwa pasi.

"Huyu ni nani?"

"Mwanangu, afande."

"Mbona amekonda hivi?"

"Ni msiba, afande."

"Poleni. Mmefiwa na nani?"

Haki nilikaribia kusema, na huyu huyu. Nikasema, "Baba yake."

"Na mbona hasemi kitu?"

"Ana uchungu."

Fideli akainamisha kichwa, akatoa uchungu ambao hata mimi niliusikitikia. Afande akachukua kibunda kimoja cha miraa, sijui ndiyo rambirambi yake, akaturuhusu. Tulipopita kona tulicheka mpaka Fideli akaketi barabarani.

Ningeishia hapo, ningekuwa na hadithi nzuri ya kuwachekesha watu. Lakini sikuishia hapo.

Jioni ile chai ilipoiva nilisimama mlangoni, nikafungua kinywa kumwita, na jina lililotoka ni lile.

"Mwendaaa! Chai!"

Sauti ikapita juu ya miti, ikateremka bondeni, kama zamani. Na kutoka bondeni mtu akaitika, "Naam, Mama!"

Wewe uliyezika mtoto utanielewa. Wewe ambaye hujazika, shukuru Mungu na unisamehe. Unaweza kulisema jina la maiti kanisani, unaweza kulisoma kwenye msalaba. Huwezi kuliita kwa sauti ya chai. Hakuna anayeitika. Mimi nilipata wa kuitika.

Nikaendelea kuita. Siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka ikawa miaka miwili.

Kijiji kizima kilijua. Hapa kwetu siri ni kitu ambacho kila mtu anakijua lakini hamwambii mgeni. Walimwita Lazaro. "Lazaro, umeamkaje?" Naye anawajibu, "Kaburini kulikuwa na baridi." Naibu chifu mwenyewe, yule aliyehutubia mazishini, alikuja kwangu kila Ijumaa kuchukua miraa yake, akiipokea kutoka mkononi mwa marehemu bila hata kupepesa macho!

Fideli alipalilia kaburi. Pasaka alipaka msalaba chokaa upya, akafuatisha herufi za jina kwa rangi nyeusi, ulimi umetoka pembeni kama wa mwanafunzi. Akanigeukia. "Mama, katika Kenya yote ni mimi peke yangu ninayepaka rangi kaburi langu."

Tulicheka. Halafu akaacha kucheka.

"Huko njiani niite unavyotaka," akasema. "Lakini hapa nyumbani niite Fideli. Mimi pia nina mama aliyenipa jina."

"Sawa," nikasema.

Nikasahau. Hivyo ndivyo nilivyomwambia, kwamba nasahau. Sikusahau hata siku moja. Sasa nakuambia wewe ambacho sijamwambia hata Karimi. Sikuogopa ofisi ya Meru, wala safari, wala mvua. Niliogopa kile kibali. Kibali kingeandikwa Fideli. Angekuwa mfanyakazi wangu kwa karatasi, mtu mwenye jina lake, mwenye ruhusa ya kuacha kazi na kwenda kuchumia mwingine. Mimi sikutaka mfanyakazi. Nilitaka mtu wa kuitika.

Akauliza tena habari za barua mara mbili. Mara ya tatu hakuuliza.

Mwezi wa saba mwaka jana kulikuwa na manyunyu. Gome la mti wa miraa likilowa linateleza kama samaki, na tawi lake halikupi onyo, linakatika tu. Nilikuwa chini natandaza majani ya mgomba. Nikasikia tawi, halafu nikasikia kitu ambacho sitaki kukieleza. Murungu wakwa, Mungu wangu! Alikuwa amelala ubavu, hatua tano kutoka kaburini, paja limepinda mahali ambapo paja halina kiungo.

Tulimbeba na Karimi na mumewe, juu ya mlango tulioung'oa, mpaka barabarani, gari la miraa likatufikisha hospitali. Karani pale mapokezi akaomba kitambulisho. Nikampa nilichozoea kumpa kila mtu. Akaandika nambari kwenye kompyuta. Akaacha. Akaandika tena.

"Mama, hapa inasema huyu mtu amefariki."

"Kompyuta yenu ina haraka."

Akainuka, akachungulia machela. Alikuwa msichana mwenye adabu. "Marehemu," akamwambia Fideli, "unaumwa wapi?"

"Paja," akasema Fideli, meno yameumana.

"Unaona? Anajibu!" nikasema.

Lakini yule msichana hakuwa mjinga, na hakuwa wa kijiji chetu. Walimtibu, sitawasingizia. Walimwingiza chumba cha upasuaji, wakamtia chuma pajani. Lakini simu pia ilipigwa.

Siku ya pili mama mmoja wa ofisi ya ustawi pale hospitalini akaniita pembeni. Hakunikaripia. "Alikuwa anafanya kazi kwako?" akauliza. "Kama aliangukia kazini kwako, nenda ofisi ya leba, ile ya mambo ya wafanyakazi, uripoti. Ana haki zake hata kama si Mkenya. Lakini ni lazima mwajiri aseme, huyu ni wangu, alikuwa kazini."

Maneno machache hivyo! Huyu ni wangu, alikuwa kazini. Hata mtoto wa chekechea angeyasema.

Nilikuwa nimeanza kuyapanga kinywani wakati naibu chifu alipofika, amevaa kofia yake ya kazi. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, maana kama Mwenda alikuwa hai miaka miwili, nani alikuwa akipokea miraa kwake kila Ijumaa?

"Mama Mwenda, sikiliza. Wewe umempa mgeni kitambulisho cha marehemu. Umemwajiri bila kibali. Unajua kule gerezani wanawake wanalala wangapi kwenye godoro moja?"

"Sijui."

"Na hutaki kujua. Sema alikiokota. Wewe ni mjane, huna habari. Yeye ni mpita njia."

"Mpita njia wa miaka miwili?"

"Kuna njia ndefu."

Asubuhi ile ile polisi wa kike alikuja na daftari, akasimama miguuni pa kitanda. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai niliyoileta kutoka nyumbani. Akaniuliza, "Mama, huyu ni mfanyakazi wako?"

Nikasema, "Hapana."

"Alikipataje kitambulisho cha mwanao?"

"Labda alikiokota."

Petro alimkana Bwana mbele ya moto mara tatu, jogoo akawika. Mimi mara mbili zilinitosha, na jogoo hakuwika, nafikiri alikuwa ameshaliwa. Fideli alikuwa macho. Alisikia yote. Akaniangalia muda mrefu, namna ile alivyokiangalia kitambulisho siku ya kwanza. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme! Angesema neno moja tu, kwamba pasipoti yake iko ndani ya kopo langu la chai, ningeanguka pale pale nikakiri.

Polisi akamgeukia. "Ni kweli uliokota?"

"Ni kweli," akasema. "Nilikiokota kwenye njia ya sokoni."

Polisi akaandika, akaenda. Mimi nikamimina chai, maana sikujua mikono yangu ifanye nini kingine. Mpita njia akapokea kikombe, akanywa, akasema asante Mama.

Alipoweza kusimama kwa magongo alipelekwa mahakamani. Akakiri kila kitu, hata yale ambayo hakuyafanya. Ikaamriwa arudishwe kwao. Karatasi zote zilisema kijana mgeni aliyeokota kitambulisho. Hakuna mahali paliposema alipanda miti ya mtu fulani miaka miwili, akaanguka akiwa kazini, akavunjika paja. Kazi yake haikuwepo. Mti haukuwepo. Sijui hilo paja alilivunjia wapi, labda usingizini.

Jumanne ile nilifika kituoni na pasipoti yake. Nikaiweka juu ya kaunta kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani baada ya mwaka mzima. Askari akauliza nimeitoa wapi. Nikasema, nimeiokota. Nilikuwa nimeshakuwa bingwa wa kuokota.

Walipomtoa kumpandisha gari, aliniona. Hakununa. Afadhali angenuna! Akasimama kwenye magongo yake, akasema, "Mama, pale kaburini upande wa juu magugu yameota. Tafuta mtu."

Mimi nikajibu, "Sawa, Mwenda."

Ndiyo. Mbele ya polisi, mbele ya jina lake lililoandikwa kwenye pasipoti ambayo askari alikuwa ameifungua mkononi. Sawa, Mwenda! Askari akacheka. Fideli hakucheka. Aliingia garini.

Sikupata mtu wa magugu. Niliyang'oa mwenyewe. Na nilipomaliza niliinua macho, nikaona miraa imekomaa juu, hakuna wa kuichuma. Nikavaa suruali ya Mwenda, nikaifunga kwa kamba, nikapanda. Karimi alipiga kelele kama ameona chui. Wazee walikuja watatu, wakasimama chini, wakazungumzia laana. Niliwaambia wasimame mbali kidogo, maana mwanamke akianguka anaangukia kilicho karibu.

Mti haujakauka. Kumbe ningeweza! Kumbe tangu mwanzo sikuhitaji mwanamume wa kupanda! Niliposhuka niliketi chini nikalia mbele ya watu, wazee wakaona laana imeshaanza, wakaenda zao wameridhika.

Sasa ninyi mnaonisoma, hasa wenye mashamba, mabucha na vibanda. Najua mnao. Kuna Mganda wenu, Mtanzania wenu, Mrundi wenu, Mwethiopia wenu. Mnawaita majina mliyowapa ninyi, na mnasema, huyu ni kama mtoto wa nyumbani. Jihadharini na hilo neno! Mtoto wa nyumbani hana barua. Mtoto wa nyumbani hana kibali. Mtoto wa nyumbani akivunjika mguu ni bahati mbaya ya familia. Na siku polisi akisimama miguuni pa kitanda, utashangaa jinsi mtoto wa nyumbani anavyogeuka kuwa mpita njia, na ulimi utakaofanya hivyo ni wako.

Mwandikie barua. Mpeleke akaombe kibali, mvua inyeshe isinyeshe. Pasipoti ya mtu usiiweke ndani ya kopo lako. Na mwite jina lake.

Jambo la mwisho lililotokea ni hili.

Mwezi uliopita nilivaa vile viatu vya kanisani na mvua ikanyesha, nikaenda. Ofisi ya leba ilikuwa na benchi refu na watu wengi, nikangoja mpaka baada ya chakula cha mchana. Afisa alikuwa kijana mwenye miwani, anakula ndizi.

"Nimekuja kuripoti ajali ya mfanyakazi wangu," nikasema.

"Ilitokea lini?"

Nilipomwambia aliacha kula. "Na ulikuwa wapi siku zote hizi, mama?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Nilipofika pale pa "Marehemu, unaumwa wapi?" aligeuza uso, mabega yakatikisika. Nilipofika kitandani aligeuka tena, hakuwa anacheka.

"Sheria ya kuumia kazini inauliza kama alikuwa kazini kwako," akasema. "Haianzi kwa kuuliza amezaliwa wapi. Habari ya kibali ni jambo la pili, na barua yake ilikuwa itoke kwako. Sasa yuko kwao, na karatasi za mahakama zinasema mengine. Siwezi kukuahidi kitu. Inaweza kufika mbali, inaweza kuishia hapa mezani. Lakini bila jina lake na neno lako haitaanza."

"Nimelileta neno langu."

"Unajua hiyo karatasi inaweza kurudi kukuuma? Umesema uongo kwa polisi."

"Ninajua. Lete."

Akaleta fomu. Akataka jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Na mimi, niliyeikalia pasipoti hiyo miaka miwili, sikujua linavyoandikwa! Sikuwahi kuifungua.

"Mpigie," akasema afisa. "Na tumwulize kama anataka dai lifunguliwe. Ni la kwake, si lako."

Nambari alikuwa nayo Karimi, alinipa siku ile ile Fideli alipofika kwao, na nilikuwa nimetembea nayo hadi karatasi ikachakaa. Nikabonyeza. Afisa akaiweka simu mezani, sauti ikatoka wazi. Ililia mara nyingi.

"Lazaro hapa," akasema.

Afisa akanisukumia glasi yake ya maji.

"Fideli," nikasema.

Nikasikia kuku wa kwao. Nikasikia mtu anaburuta kiti.

"Fideli, niko ofisi ya leba. Nimesema ulikuwa kazini kwangu. Wanataka jina lako lote."

Hakuuliza kwa nini sasa. Hakuniambia amesamehe, na mimi sikuuliza. Afisa akamweleza mambo ya dai polepole, naye akasikiliza, akasema ndiyo, anataka. Kisha akalitaja jina lake herufi moja moja, la kwanza na la pili, na mimi nikaandika kwa mkono wangu. Nilipokosea aliniambia nifute, nikafuta. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea.

"Ndilo," akasema.

Chini ya jina kulikuwa na mstari mmoja zaidi, unaouliza mimi ni nani kwake. Afisa akaweka kidole pale.

Nikaandika: Mwajiri.